Sala ya Macho Wazi

Kazi ya Shangazi ilikuwa kula. Watu wengine huhangaika kutwa nzima ili wapate kula jioni; yeye alivaa sare, akasaini daftari la zamu, akakaa mezani, akala, na hiyo ndiyo ilikuwa zamu yenyewe. Jirani zake waliposikia walicheka mpaka wakashika mbavu. "Nipeleke na mimi nikaombe kazi," mmoja alimwambia huku akijipigapiga tumbo, "cheti ninacho, hiki hapa." Shangazi naye alicheka, maana ni mtu wa kucheka, lakini hakuwaeleza kwamba kuna siku aliinuka kwenye meza ile amechoka kuliko mpakuaji wa saruji.

Nyumba aliyofanyia kazi ilikuwa ya kanisa, yenye msalaba wa mbao juu ya mlango na vitanda tisa ndani. Waliolazwa hapo walikuwa watu waliogeukwa na chakula. Wengine walijinyima mpaka wakaisha, wengine walikula kwa kujificha mpaka wakaumia, kisha wakajitapisha na kulia. Daktari aliyaita hayo ugonjwa wa ulaji. Huko kwao wengi walikuwa wameitwa wenye maringo, au wenye pepo, au wasio na shukrani. Nyumba ile haikuwa na muda na maneno hayo. Palikuwa na daktari aliyekuja mara mbili kwa wiki, mtaalamu wa lishe, mshauri nasaha, mchungaji wa kusikiliza na kuomba, na juu ya wote muuguzi mkuu, mwanamke mfupi mwenye viatu visivyotoa sauti, aliyewaambia ndugu wa kila mgonjwa maneno yaleyale: "Hapa tunaomba na tunapima. Hatuchagui kimoja."

Shangazi alikuwa msimamizi wa meza. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, ila jina lilimkaa, akaliacha. Masharti ya meza yalibandikwa ukutani chini ya saa. Mlo ni nusu saa tangu watu wanapoketi. Msimamizi anakula chakula kilekile, kipimo kilekile, mbele ya macho ya watu. Mezani hapazungumzwi unene wala wembamba. Hakiwekwi kitu kingine zaidi ya sahani, kikombe na kijiko. Chakula kinaombewa na msimamizi mwenyewe, kwa ufupi. Baada ya mlo wote wanakaa pamoja saa nzima, wengine wakifuma, wengine wakicheza karata, asiondoke mtu peke yake.

Kwa kazi hiyo Shangazi alikuwa amezaliwa. Alijua kumkazia mtu macho bila kumkazia macho. Mtu akikwama, kijiko hewani, mkono umekufa ganzi, hakumkemea wala kumbembeleza kama mtoto. Aliendelea kusimulia habari za jogoo wa jirani yake anayewika saa nane mchana, na katikati ya habari akatupia maneno mawili matatu, kwa sauti ya kupitisha chumvi: "Kijiko kidogo kwanza." Kisha akarudi kwa jogoo. Kwa miaka tisa maneno hayo yalikuwa yamewavusha watu wengi.

Ila alikuwa na udhaifu mmoja, nao ulikuwa mzuri kiasi kwamba hakuna aliyeuita udhaifu. Shangazi alipenda sala. Kanisani kwake alikuwa mama wa maombi, na mtu akiomba vizuri mbele yake, alilainika mwili mzima. Hapo ndipo Soprano alipompatia.

Binti huyo wa miaka ishirini na mitano walimwita Soprano kwa sababu alikuwa ameongoza sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa kubwa. Kule alifunga siku tatu, watu wakamsifu. Akafunga saba, wakamsimamisha mbele atoe ushuhuda. Akaendelea kufunga hata baada ya wenzake kufungua, na kila alivyopungua ndivyo alivyosifiwa, mpaka Jumapili moja akaanguka katikati ya wimbo, na waliomwinua waligundua kwamba ndani ya joho karibu hapakuwa na mtu. Moyo ulikuwa umechoka, daktari alisema, moyo wa binti mdogo ukipiga kama wa kikongwe. Akaletwa pale na sanduku dogo na Biblia kubwa, iliyovalishwa kava la ngozi lenye zipu pande tatu.

Wiki ya pili aliomba ruhusa. "Shangazi, naomba niwe na Biblia yangu mezani. Nikiwa nayo hofu inapungua kidogo."

Sasa, katika nyumba yenye msalaba mlangoni, nani angemwambia mtu aondoe Biblia? Karatasi ya ukutani ilisema sahani, kikombe na kijiko, lakini Shangazi alijiambia kwamba aliyeiandika hakuwa amefikiria Neno la Mungu. Akakubali. Siku mbili baadaye binti akauliza kama anaweza kuombea chakula yeye. Shangazi akakubali hilo pia.

Na aliomba, jamani. Aliomba kwa ile sauti yake iliyobaki nzima wakati vingine vyote vimekwisha, na Shangazi alifumba macho akasikia machozi yanamjia. Mwanzoni ilikuwa dakika moja. Baadaye aliombea wapishi, wagonjwa wa mahospitalini, wajane, wasafiri. Dereva, mwanamume wa makamo aliyeendesha malori kabla ugonjwa haujamshusha, alifungua jicho moja siku moja akanong'ona, "Leo tumeombea mpaka mahakimu. Supu imeganda." Shangazi alimkanyaga mguu chini ya meza. Baada ya amina, yeye ndiye aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote, na sahani ya Soprano, ukiiangalia, ilikuwa inaisha kwa wakati.

Hata hivyo uzito ulishuka. Kila Alhamisi wagonjwa walipanda mizani wakiwa wameipa mgongo, ili tarakimu zionwe na muuguzi tu, na kwa Alhamisi mbili muuguzi mkuu alitazama tarakimu za Soprano akakaza midomo. Daktari alibadilisha dawa mara mbili. Mtaalamu wa lishe aliongeza chakula. Bado. Ndipo daktari akasema wazi, mbele ya binti mwenyewe, kwamba Alhamisi inayofuata uzito ukishuka tena, gari la wagonjwa litamchukua kwenda hospitali kuu, na huko atalishwa kwa mpira wa puani, kwa kuwa moyo ule hauna wiki nyingine ya kuchezea.

Jumapili baada ya kifungua kinywa Shangazi alikuwa anapangusa rafu ya sebuleni. Aliona mstari wa sisimizi umetoka dirishani, umekata ukuta, umeshuka, umeingia kwenye zipu ya Biblia ya Soprano. Alifikiri binti kadondoshea jamu, akaifungua amsafishie. Katikati ya kava na jalada palikuwa na karatasi za shashi zilizokunjwa vizuri. Ya kwanza ilikuwa na mkate wa asubuhi ile. Ya pili viazi vya jana. Ya tatu kipande cha yai kilichoanza kunuka.

Shangazi alikaa chini na kitambaa cha vumbi mkononi. Alielewa yote kwa mara moja, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Wote walikuwa wanafumba macho, isipokuwa anayeomba. Yeye, mwenye kazi ya kutazama, ndiye aliyekuwa amefumba kwa bidii kuliko wote, na kila sala ilivyorefuka alikuwa akimshukuru Mungu kwa imani ya mtoto yule.

Soprano aliingia akamkuta hivyo. Hakukimbia. Alisimama kwenye zulia akivuta mikono ya sweta.

"Utamwambia muuguzi mkuu?"

"Nitamwambia."

"Nilikuwa naomba kweli, Shangazi. Usifikiri nilikuwa naigiza. Naomba kweli na mikono inafanya mambo yake."

"Nakuamini, mwanangu."

Kama angeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini binti alimtazama usoni akasema, bila hasira, kama mtu anayeuliza jambo lililomsumbua muda mrefu: "Wewe Jumatano hukai mezani. Unabadilishana na mpishi, unakunja mashuka mpaka jua litue. Mchungaji amesema wewe ni mfano kwetu. Wewe ukifunga wanakuita mtu wa Mungu. Mimi nikifunga mnaniita mgonjwa. Nielezee tu tofauti, nitakuelewa."

Shangazi alizikusanya karatasi za shashi, akainuka.

Ofisini kwa muuguzi mkuu alieleza yote, Biblia, sala, na Jumatano pia. Alitegemea barua ya kufukuzwa. Muuguzi mkuu alisikiliza akizungusha kalamu, kisha akasema, "Kwa hiyo tumembadilishia mtoto dawa mara mbili kwa ajili ya mkate uliolala ndani ya kava." Hakupandisha sauti, na hilo liliuma zaidi. Akaendelea. "Kuanzia leo hakuna kitu mezani, hata kama kimeshuka kutoka mbinguni. Utakaa naye wewe milo yote mpaka Alhamisi. Mwingine akikaa naye ataficha, wewe ameshaona aibu kwako."

"Na Jumatano?"

"Jumatano atakaa mpishi. Mimi si wa kukuvunjia nadhiri."

"Ameniuliza tofauti yetu ni nini, dada."

"Tofauti ipo. Wewe jua likizama unakula na kusahau. Yeye jua lake halizami." Muuguzi mkuu aliweka kalamu chini. "Lakini hilo nikimwambia mimi ni maneno. Anayetazamwa ni wewe."

Ile Jumatano ilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba. Mtoto wake wa pekee alikuwa na miaka minne alipougua homa ya uti wa mgongo. Siku ya tatu, Jumatano, madaktari walimtoa mama nje ya chumba, akapiga magoti kwenye korido yenye harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, akasema: mwachie huyu, na mimi kila Jumatano sitatia kitu mdomoni mpaka jua litue, maisha yangu yote. Jioni mtoto aliomba maji. Tangu siku hiyo Shangazi hakuruka Jumatano hata moja, si alipougua, si alipomzika mumewe. Hakumwambia mtu sababu. Na ndani kabisa, mahali ambapo hata mama wa maombi hapafagii, aliamini kwamba siku atakayokula, mtoto atadaiwa.

Jumanne mchana alimpigia. Mtoto mwenyewe sasa alikuwa fundi wa friji, mwenye mke na sauti nzito.

"Uko wapi?"

"Juu ya ngazi, Mama. Natengeneza kipoozeo cha duka."

"Shuka kwanza."

"Nimeshuka. Kuna nini?"

Akamweleza, korido, magoti, nadhiri, yote, kwa maneno aliyokuwa hajawahi kuyatamka mbele ya binadamu. Upande wa pili alisikika akiilaza ngazi chini.

"Mimi miaka yote nilidhani Jumatano hupendi kupika," alisema hatimaye. "Tulikuwa tunakula kiporo, namnung'unikia Baba."

"Ilikuwa kwa ajili yako."

"Sasa nimejua." Akakohoa. Alipoendelea alikuwa anatafuta mzaha, na mzaha ulikuwa unamponyoka. "Mama, nina miaka thelathini na moja na kitambi. Mungu ameshaona kwamba nimepona. Huyo binti ana umri gani?"

"Ishirini na mitano."

"Ana mama?"

"Anaye. Anapiga simu kila jioni."

"Basi kula, Mama."

"Kesho usipande ngazi."

"Sipandi. Kesho nina friji la duka la nyama, liko chini."

Jumatano saa saba Shangazi aliketi mezani, akavuta sahani yake: wali, maharage, mboga za majani, kipande cha parachichi. Dereva alimtazama, akatazama kalenda, akanyamaza, na kwa Dereva hilo lilikuwa jambo. Soprano alikuwa amekaa mbele yake, mikono mitupu juu ya meza, uso umekauka. Hapakuwa na Biblia wala sweta; alikuwa amepewa blauzi ya mikono mifupi.

"Tunaomba macho wazi," Shangazi alisema. "Bwana, tubarikie chakula hiki. Amina."

Akachota. Akainua kijiko. Na hapo, kati ya sahani na mdomo, mkono ulikataa.

Hakuwa amelitegemea hilo. Alikuwa amejiandaa kwa huzuni, labda kwa machozi. Lakini ile ilikuwa hofu tupu. Aliona ngazi. Aliona korido. Wali ule aliokula maelfu ya mara ulikuwa umegeuka kitu ambacho akikimeza, mtu atakufa. Alijua kwa akili zake zote kwamba si kweli. Kujua hakukusaidia hata kidogo. Kwa miaka tisa alikuwa ameketi na watu wenye hali hii, akawasimulia habari za jogoo, na hakuwahi, hata siku moja, kujua walikuwa wapi.

Saa ya ukutani ilikwenda dakika moja, ikaenda ya pili. Kijiko kilibaki hewani, punje zikadondoka mezani. Mama wa mapacha, mgonjwa mwingine aliyeketi karibu naye, aliangalia pembeni kwa adabu.

Soprano hakuangalia pembeni. Alikuwa anamtazama Shangazi usoni, kwanza kwa mshangao, halafu kwa kitu kingine. Hofu ile aliifahamu. Alikuwa ameishi nayo chumba kimoja kwa miaka mitatu, na hakuwahi kuiona kwenye uso wa mtu mwenye afya.

"Shangazi," alisema taratibu. "Kijiko kidogo kwanza."

Shangazi alirudisha nusu ya wali sahanini. Akainua kilichobaki, akakitia mdomoni, akatafuna huku machozi yanamdondoka waziwazi, akameza. Binti alisubiri mpaka alipoona koo limeshuka. Ndipo alipochukua kijiko chake mwenyewe.

Walikula hivyo nusu saa nzima, zamu kwa zamu, mzee na mtoto, kila mmoja akimngoja mwenzake. Hakuna aliyesimulia habari za jogoo. Dereva ndiye aliyejitolea, akaanza kueleza jinsi lori lake lilivyowahi kukwama mtoni na kondakta akakataa kushuka kwa sababu alikuwa na viatu vipya, na alisimulia vibaya sana, akirudia mahali pamoja mara tatu, na wote walimshukuru moyoni. Saa ilipofika Soprano alikuwa amebakiza vijiko viwili. Muuguzi mkuu alimletea glasi ya maziwa ya kufidia, akainywa akilia, akaimaliza.

Katika ile saa ya kukaa pamoja simu ya Shangazi ilitikisika mfukoni. Kwa kawaida haruhusiwi kuitazama akiwa zamuni, lakini muuguzi mkuu aligeukia dirisha makusudi. Ujumbe ulikuwa wa maneno machache: "Mama nipo. Friji limepona." Aliusoma mara nne, kisha akampa Soprano ausome.

"Ni nani?"

"Ni yule niliyekuwa namfungia."

Binti aliutazama ujumbe kwa muda mrefu. "Na mimi sijui namfungia nani," alisema. "Nilianza na Mungu. Sijui aliondoka lini pale katikati." Shangazi alirudisha simu mfukoni. Alimwambia hilo amwambie mshauri nasaha, vilevile alivyolisema, asilipambe. Kisha akachukua karata, akagawa.

Alhamisi asubuhi Soprano alipanda mizani ameipa mgongo, amekaza macho ukutani. Shangazi alisimama mlangoni na taulo ambalo hakuna aliyemtuma kulileta. Muuguzi mkuu aliinama, akasoma, akasoma tena. Uzito haukuwa umepanda. Ulikuwa umesimama palepale.

"Shuka," alimwambia binti. "Vaa viatu. Hakuna gari linalokuja leo."

Mchana meza iliandaliwa kama kawaida, sahani, kikombe na kijiko. Shangazi alipotaka kufungua mdomo aombee, Soprano aliinua kidole kidogo, kama mwanafunzi. Meza nzima iliganda. Dereva alitazama supu yake kwa huruma.

Shangazi alifikiria karatasi ya ukutani na sheria yake. Alimtazama muuguzi mkuu aliyekuwa amesimama karibu na jiko, na muuguzi mkuu akainua mabega: meza ni yako.

"Macho wazi," Shangazi alisema. "Mikono juu."

Soprano aliweka mikono miwili juu ya meza, viganja wazi, akawatazama mmoja mmoja.

"Baba, chakula hiki nakiogopa," aliomba. "Hawa wanajua. Amina."

"Amina," alisema Shangazi, naye akaitazama saa. Nusu saa ilikuwa bado karibu yote. Akachukua kijiko.